Jina la Jirani

Mtu aliyetaka kulima katika nchi ya Buyungu miaka ya 1860 au 1870 hakuulizwa ana mali kiasi gani. Aliulizwa ametoka kwa nani, na ni nani atakayemsemea. Shamba halikuwa na bei. Lilikuwa na wenyeji, na mgeni alilipata kwa kupitia kwao.

Gwarama, kwetu, imo ndani ya nchi hiyo. Leo ni kata ya Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, lakini jina la zamani halijafutika: Buyungu ndilo jimbo la uchaguzi la Kakonko, na Muhambwe ndilo la Kibondo. Kusini zaidi, kuelekea Kasulu, ulikuwako ufalme wa Heru. Kila nchi ya Buha, yaani nchi za Waha, ilikuwa na mwami wake, na chini ya mwami walikuwako watwale waliomkusanyia mazao, mifugo na kazi za watu. Tukisoma habari za Buha ya kale tunakutana na hao kwanza, kwa sababu wasafiri na maofisa waliwaona hao kwanza. Ardhi yenyewe ilishikwa na watu wengine, waliokaa kimya zaidi. Waliitwa wateko.

Mteko alikuwa mtu wa ukoo uliotangulia kufyeka bonde au mgongo fulani wa mlima, na kwa kutangulia huko ndiye aliyekuwa msemaji wa mahali pale mbele ya nguvu zisizoonekana. Mwanahistoria Michele Wagner, aliyeandika juu ya Buha ya karne ya 19 katika kitabu kilichotoka mwaka 1996, ameeleza jinsi wateko walivyosimama kati ya watu na maumbile: mvua ilipokataa, wadudu walipoingia mashambani, wanyama wakali walipozidi, watu waliwaendea wao. Na mgeni aliyetaka pa kulima aliwaendea haohao, na zawadi mkononi. Mteko alimwonyesha mahali. Ugomvi wa mpaka ulipozuka miaka ya baadaye, ulirudi kwake.

Ningependa tukae kidogo kwenye kitendo hicho cha kuonyesha, maana ndicho kilichokuwa upimaji wa wakati ule. Mpaka wa vilima vya Buha haukuwa mstari. Ulikuwa mfuatano wa vitu: kijito, kichuguu, mvumu mkubwa uliopandwa na babu wa mtu, safu ya minyaa, jiwe lisilohamishika. Ili kuujua ilibidi kutembea kutoka kitu kimoja hadi kingine, na kutembea huko hakukufanywa na mtu mmoja. Anayepakana nawe alikuwapo, kwa kuwa upande wa pili wa kila alama ulikuwa wake. Kijito kinaweza kuhama, kichuguu kinabomoka, mvumu unazeeka ukaanguka. Kilichodumu ni kwamba watu kadhaa waliwahi kutembea pamoja wakakubaliana, na watoto wao wakiwafuata nyuma wakaona walipokubaliana.

Sisemi kwamba Buha ya wateko ilikuwa nchi ya haki. Mjane alibaki shambani kwa kusimamiwa na wanawe, na asiyekuwa na mwana wa kiume alikaa kwa huruma ya shemeji. Mtu maskini aliyepokea ng'ombe kwa tajiri katika mapatano ya ubugabire alijifunga kumtumikia, na huduma hiyo ilirithiwa na watoto. Mwami aliweza kumpa kipenzi chake eneo ambalo wengine walikuwa wakilima. Anayetaka kuona karne ile kama bustani ya amani atalazimika kufumba macho mara nyingi. Lakini jambo moja lilishikwa sawasawa: hakuna aliyeweza kupata ardhi bila jirani kujua, na hakuna mpaka uliowekwa na mtu ambaye hakufika.

Kuna kisa cha mwaka 1871 kinachoonyesha jinsi wenyeji wa Buha walivyopambanua haki moja na nyingine. Mwezi Novemba mwaka huo Henry Morton Stanley alivuka Buha akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone. Alidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na kwa mara ya kwanza alitajiwa vitambaa 100. Akabishana, akapunguziwa, akalipa. Kisha akaambiwa mbele kuna mkubwa mwingine, na baada ya huyo wengine tena. Mwishowe alimpata mtu wa kumwongoza, akatoroka usiku na msafara wake kupitia porini. Katika kitabu chake amewaeleza Waha kama wanyang'anyi. Ukikisoma kisa hicho kutoka upande wa pili unaona mambo mawili. Kila mkubwa alijua nchi yake inaishia wapi, ndiyo maana hongo ililipwa upya kila mpaka ulipovukwa. Na kilicholipiwa ni njia. Vitambaa vyote vile, vilivyobebwa mabegani kutoka Bagamoyo, havikumpa Stanley hata mahali pa kuotesha mche mmoja wa maharage. Hakuomba, na hakuna aliyemuuzia.

Huko pwani, mauzo ya ardhi yalikuwapo. Shamba la minazi au la mikarafuu liliuzwa na kununuliwa, na kadhi au mwandishi aliandika hati. Hati hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na jinsi zilivyotaja mipaka ni jambo linalostahili heshima. Hazikuanza na ukubwa. Zilitaja pande nne: kibla, suheli, matlai na maghribi, na kila upande zilisema shamba linapakana na nini au na nani. Kibla ni shamba la fulani bin fulani. Suheli ni njia ya watu wote. Matlai ni bahari. Maghribi ni shamba la mjane wa fulani. Kisha mashahidi. Anayesoma hati kama hiyo leo hawezi kuchora ramani, lakini anaweza kwenda mtaani kuuliza. Mnunuzi aliyekuja na hati isiyo na majina ya majirani angeonekana ana jambo la kuficha.

Kwa hiyo kati ya mteko wa Gwarama, ambaye hakuwa na karatasi, na kadhi wa Bagamoyo, aliyekuwa nayo, tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mmoja aliwaita majirani waje watembee. Mwingine aliandika majina yao. Wote wawili waliamini kwamba mpaka ni neno la watu wawili, na kwamba mmoja akilisema peke yake hajasema kitu.

Mauzo makubwa ya karne ya 19 yaliyoiamua hatima ya Gwarama yalivunja imani hiyo tangu mwanzo. Mwezi Novemba 1884 Carl Peters alitoka pwani na wenzake watatu, Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto, akaingia Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami. Katika majuma machache alikusanya mikataba kumi na miwili. Huko Msovero, mwishoni mwa Novemba, mkataba uliwekwa alama kwa jina la Sultani Mangungu, na kwa mujibu wa maneno yake Mangungu aliitoa nchi yake yote na haki zake zote kwa chama cha Peters, kiitumie kitakavyo. Mwanzoni mwa Desemba ukafuata mkataba na Mwinyi Sagara, ambaye karatasi ilimfanya kuwa bwana wa Usagara yote. Peters alirudi pwani kabla ya Krismasi. Jumla ya nchi aliyodai kuipata ilikuwa kama kilomita za mraba 140,000, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaizari Wilhelm I alitoa barua ya kuilinda.

Watu wengi wamekwisha kusema juu ya ulaghai wa mikataba ile: lugha ambayo wazee hawakuijua, zawadi za nguo na vinywaji, alama za msalaba chini ya maneno ambayo hawakuyasoma. Yote hayo ni kweli. Kinachonisumbua zaidi ni kitu kidogo, ambacho mzee yeyote wa Buyungu angekigundua mara moja kama angesomewa karatasi zile. Hakuna jirani. Nchi ya Mangungu inaishia wapi upande wa mashariki, na nani yuko ng'ambo? Mwinyi Sagara, aliyekuwa na nguvu katika sehemu ya bonde la Mukondokwa, alipata wapi neno la kutoa milima ambayo wazee wengine walikuwa wakiishi, wakilima na kuzika? Hakuna aliyetembezwa. Hakuna aliyeitwa kutoka upande wa pili aseme ndiyo au hapana. Nchi iliyotolewa ilikuwa kubwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema inaishia hapa.

Kisha ukaja upimaji, nao ulifanana na mauzo. Mwaka 1886 tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilichunguza mamlaka ya Sultani Barghash wa Zanzibar yanafika wapi bara. Wajumbe walikuwa Kitchener wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani na Patrimonio wa Ufaransa. Walipita pwani bandari kwa bandari wakiuliza nani ana askari wapi na nani anakusanya ushuru wapi. Mwishoni mwa Oktoba na tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana kwamba Sultani abaki na visiwa, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini, kuanzia mto Miningani hadi Kipini. Maili kumi ni kama kilomita 18 na nusu. Ukiwa mkulima mwenye mihogo pande zote mbili za mstari huo, nusu ya shamba lako ilikuwa ya Sultani na nusu iliyobaki iliachwa wazi kwa Wazungu kugawana. Kijito hakikuhesabika, wala njia, wala kaburi la mtu. Mwezi Desemba Barghash alilazimika kukubali.

Mwaka 1890 sehemu ya ukanda huo wenyewe ikauzwa. Kampuni ya Peters ilikuwa imekwisha kuikodi mwaka 1888, na namna ilivyoingia, pamoja na kuwadai wenyeji waonyeshe hati za mali zao, ilikuwa sehemu ya hasira iliyowasha vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri. Vita vilizimwa, Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliweka njia ya mauzo, na Sultani Ali bin Said akalipwa marki milioni nne kwa pwani yote kutoka mto Umba hadi Ruvuma. Fedha hizo zilikopwa Ujerumani, na mkopo ukarudishwa kidogo kidogo kutokana na ushuru wa forodha wa bandari zilezile. Maana yake ni kwamba mchukuzi wa Pangani na mkulima wa Lindi walichangia bei ya kuuzwa kwa nchi yao, kila bidhaa ilipopita forodhani. Sijui mauzo mengine ya ardhi ambayo jirani amefanyiwa jambo zito kuliko hilo.

Mkataba huohuo wa Julai 1890 ndio uliofikisha mstari huku kwetu. Mstari ulivutwa kupita Ziwa Viktoria kwenda magharibi, ukaacha Buha yote upande wa Ujerumani. Mwaka huo hapakuwa na ofisa wa Kijerumani hata mmoja aliyekaa Buha. Kituo cha kijeshi cha Ujiji kilianzishwa mwaka 1896. Kwa miaka sita watu wa Gwarama walilima, wakaoana, wakagombana juu ya vijito na kupatanishwa na wateko wao, wakiwa tayari wamo ndani ya mali ya mtu ambaye hawajapata kumwona.

Amri ya Kaizari ya tarehe 26 Novemba 1895 ndiyo iliyoeleza mali hiyo ni ya aina gani. Ardhi yote ambayo hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa ni yake ilitangazwa kuwa ya dola. Maelekezo yaliyoifuata yaliagiza kwamba palipo na wenyeji waachiwe eneo mara nne ya lile wanalolima, na mtu anaweza kusema huo ulikuwa ukarimu. Tazama lakini jinsi ardhi ya vilima inavyofanya kazi. Shamba la maharage na ulezi linachoka. Linaachwa lilale miaka kadhaa, majani na vichaka vinarudi, ng'ombe wanapita, kisha mwenyewe au mjukuu anarudi. Wakati limelala halina jembe, halina mtu ndani yake, na mgeni akipita anaona pori. Jirani ndiye anayejua kwamba si pori. Ukimwondoa jirani katika ushahidi, ardhi iliyolala inakosa wa kuisemea, na hesabu ya mara nne inaanza kutoka kwenye kipande kile tu ambacho ofisa alikiona kikiwa kijani siku aliyopita.

Uganda ilionja jambo hilo kwa sura nyingine. Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na watu wakubwa wapatao elfu moja, nchi ambayo ilikuwa haijapimwa. Waliogawiwa walichagua kwanza, wapimaji wakaja baadaye, na upimaji wa ardhi hiyo, iliyoitwa mailo, ulikwisha mwaka 1936. Katikati ya miaka hiyo wakulima waliokuwa wakiishi pale kwa kizazi na kizazi waligeuka wapangaji, hata ikabidi itungwe sheria mwaka 1928 kuwekea mpaka kodi walizotozwa. Karatasi ilitangulia na miguu ikafuata, na aliyelipia pengo hilo ni yule ambaye jina lake halikuwamo.

Huku Buyungu mstari mwingine ulikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wakitawala Buha na Urundi pamoja, na mtu wa Gwarama alivuka kwenda kwa shemeji zake bila kuvuka nchi. Mwaka 1919 Pierre Orts wa Ubelgiji na Alfred Milner wa Uingereza walikubaliana kugawana: Urundi na Ruanda kwa Ubelgiji, Tanganyika kwa Uingereza. Mwaka 1924 itifaki ya mpaka ilitiwa saini Kigoma. Safari hii wapimaji walifika wakatembea, na hilo nawahesabia. Lakini hawakutembea na wenye mashamba kama watu wenye neno. Tangu hapo, wakati wa dhiki Burundi, kama mwaka 1972 na 1993, wenyeji wa vilima hivi wamewapokea kwa makumi ya maelfu watu wenye lugha inayokaribiana mno na Kiha, na wamewapokea kama wageni wa nchi nyingine, katika kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Nyarugusu. Watu waliopaswa kuwa majirani wanaojuana mipaka walikutana kama mkimbizi na mwenyeji.

Uhuru haukutufundisha kutembea na jirani kwa mara moja. Naandika haya nikiipenda sana fikra ya Mwalimu Nyerere juu ya ardhi, aliyoieleza mwaka 1958 katika waraka wake kuhusu mali ya taifa: kwamba ardhi ni zawadi kwa binadamu wote, na kwamba ukiifanya bidhaa, wachache watainunua na wengi watakuwa wapangaji wao milele. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulioachwa na wakoloni ulifutwa, ukageuzwa kuwa upangishaji wa serikali. Fikra hiyo ilitukinga na mengi. Anayetaka kujua ilitukinga na nini ayaangalie mashamba makubwa ya walowezi katika nchi nyingine za Afrika.

Lakini mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma. Buha ilikuwa nchi ya kaya zilizotawanyika, kila kaya katikati ya migomba yake. Watu walihamishwa wakapangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, ili shule, zahanati na maji viwafikie. Shule zilikuja, hilo ni kweli, na wengi tuliosoma tulisoma kwa sababu hiyo. Viwanja viligawiwa kwa hatua na kamba, na mtu alijikuta amekaa kwenye shamba lililokuwa la mwingine, huku mwingine naye akikaa kwenye shamba la wa tatu. Nyuma milimani yakabaki matongo: migomba isiyopunguziwa machipukizi, mvumu uliosimama pekee, makaburi. Miaka ilipopita wengine walirudi kwenye matongo yao, wakakuta mtu analima. Aliyelima alikuwa na haki, kwa kuwa alipewa na kijiji. Aliyerudi alikuwa na haki, kwa kuwa babu yake amelala pale. Na mteko, ambaye angejua la kusema, alikuwa hana cheo tena.

Serikali ilijaribu kulimaliza jambo hilo kwa kalamu. Sheria ya mwaka 1992 ilifuta haki za kimila za watu waliohamishwa na ikafunga mlango wa mahakama. Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa Mkoa wa Arusha, waliipinga hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali alitoa hukumu ambayo ningependa isomwe shuleni: haki ya kimila ya ardhi ni mali, nayo inalindwa na Katiba kama mali nyingine yoyote, haichukuliwi bila fidia ya haki. Mahakama haikukubali kwamba Watanzania walio wengi waishi katika nchi yao kama watu waliovamia ardhi ya mwingine. Karibu miaka mia moja baada ya amri ya Kaizari ya 1895, neno la jirani na la mzee lilirudishiwa uzito wake mahali pa juu kabisa pa sheria.

Kabla ya hukumu ile, tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imezunguka nchi kuanzia mwaka 1991 ikisikiliza watu katika mikutano ya hadhara, na sehemu ya yale yaliyosikika yaliingia, si yote, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo mwanakijiji wa Gwarama anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao wapaswa kuwa wanawake. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi haina nguvu. Mjane niliyemtaja mwanzoni, aliyekaa kwa kusimamiwa na wanawe, sasa anaweza kusimama mwenyewe, na jina lake likaandikwa.

Sasa vipimo vya satelaiti vinaingia vijijini. Kijana mmoja mwenye kifaa cha ukubwa wa simu anaweza kupima mashamba mengi kwa siku, na ramani ikatoka safi, namba za pembe zikiwa sahihi kuliko mteko yeyote alivyoweza kuota. Nafurahia kazi hiyo. Nimeona jinsi mtu mwenye hati anavyoongea na ofisa kwa sauti nyingine. Ninachokiogopa ni kasi yake. Mpimaji anapokuwa na malengo ya idadi, siku inakuwa fupi. Mwenye shamba anazunguka naye, pembe zinabonyezwa, fomu ya majirani inajazwa baadaye ofisini, saini zikikusanywa kwa mkupuo kutoka kwa watu ambao hawakufika shambani. Namba zinakuwa sahihi kabisa kwa mpaka ambao hakuna aliyekubaliana juu yake. Mzozo haufi, unavaa karatasi, na ukifika baraza la kata na kisha baraza la wilaya unakuwa wa gharama ambayo mwenye ekari mbili hana.

Na kuna ardhi iliyolala. Katika nchi hizi za Kibondo, Kakonko na Kasulu idadi ya watu imeongezeka na shamba halilali muda mrefu kama zamani, lakini bado lipo linalolala, na lipo la aliyekwenda Kahama au Dar es Salaam kutafuta riziki. Mpimaji akifika wakati mwenyewe hayupo, ni nani atakayesema kwamba kichaka kile ni cha mtu? Mwaka 1895 swali hili liliulizwa na dola ya kigeni, na jibu lake tunalijua. Leo linaulizwa na halmashauri ya kijiji chetu wenyewe, watu tunaowajua kwa majina, na mara nyingine mjumbe wa halmashauri ndiye anayepakana na kichaka hicho. Hapo ndipo uaminifu wa jirani unapopimwa kwa kipimo kigumu kuliko cha satelaiti: kusema mbele ya watu kwamba hapa pana mwenyewe, wakati kukaa kimya kungekuongezea ekari.

Wazee wa Gwarama waliokuwa vijana mwaka 1972 wako hai bado, ingawa wanapungua. Wapo wanawake miongoni mwao waliozunguka mipaka hiyo kila siku wakienda mtoni na kuni kichwani, na wanaijua kuliko waume zao walivyoijua. Kijiji kinapopanga upimaji, wao ndio wa kuitwa kwanza, kabla mpimaji hajawasha kifaa chake. Wapelekwe hadi kwenye matongo, kwa pikipiki kama miguu haiwezi tena, kiangazi cha Julai na Agosti ambapo majani ni mafupi na alama zinaonekana. Anayepakana kila upande awepo kwa miguu yake, na aliye mbali atafutwe kwa simu, apewe nafasi ya kumtuma nduguye. Vijana wafuate nyuma. Fomu ijazwe palepale shambani, majina manne, na la mjane likiwamo kwa jina lake mwenyewe. Kwa utaratibu huo mashamba yatakayopimwa kwa siku yatakuwa machache, na wanaotoa fedha za upimaji wakubali hesabu hiyo tangu siku ya kwanza.